Mafuta Usoni, Mti Pembeni

Jumamosi, 14 Desemba
Mti umesimama studio tangu asubuhi. Tawi la mkrismasi kwenye ndoo ya mchanga, pamba juu yake, taa ndogo za rangi. Watoto kumi na mmoja leo. Wawili wamelia, mmoja kala pamba.

Mchana akaja Bibi Skolastika wa Matiri na wajukuu wawili, Editha wa miaka saba na Bosko wa minne. Picha ni ya kumtumia mama yao, binti yake, anayefanya kazi za ndani Maskati. Aliwapaka mafuta usoni kwelikweli. Flashi ilipowaka, madoa meupe kila mahali: paji la uso, pua, mashavu. Nikachukua kitambaa nikawafuta. Sikuuliza mtu. Picha ya pili ikatoka safi, sijidanganyi. Bibi akaitazama, akashukuru, akaondoka bila kuichukua.

Jumatatu, 16 Desemba
Imenikera siku mbili. Leo Anjela, muuza vitenge wa mlango wa pili, kanieleza. Yeye ni wa hukohuko Matiri. Kuna mtu alimpigia binti simu, akamwambia wanawe wanazurura wamepauka, hawana wa kuwaangalia. Binti kasema anataka kuwaona kwa macho yake. Akiona ni kweli, baada ya Krismasi wanahamia Dar kwa shangazi yao.

Na mimi nikawafuta mafuta mbele ya bibi yao. Nikawapiga picha wamepauka. Mjinga mimi. Mama yangu hakuniruhusu hata siku moja kwenda misa na uso mkavu.

Alhamisi, 19 Desemba
Matiri kwa pikipiki. Tope tupu. Nilimwamkia bibi, akaitikia marahaba huku akichambua maharage. Nikaomba radhi, nikamwambia awapake watoto mafuta apendavyo, picha nitapiga hapohapo nyumbani.

"Ulipowafuta wale, mwanangu, ulinifuta mimi," akasema.



Flashi haikutoka kwenye begi. Editha alishapamba tawi lake kwa karatasi za pipi. Nikalisogeza karibu na mlango, nikaufungua wote, watoto nikawasimamisha ubavuni mwa mti. Nje mawingu, mwanga mpole. Shavu la upande wa ndani likabaki gizani. Nikaomba shuka jeupe, bibi akalishika upande huo ili lirudishe mwanga wa mlangoni. Mafuta yaleyale, na hakuna doa hata moja. Nyuso zimeng'aa taratibu, hadi kope za Bosko zinahesabika. Miaka tisa nagombana na mafuta ya watu, kumbe kosa ni la taa yangu. Nimeipenda picha hii hadi nikaona aibu.

Pembeni vidole vya bibi vinaonekana vimeshika shuka. Nilitaka kuvikata pichani. Chaji ya simu ilikuwa inaisha, nikaituma Maskati hivyohivyo.

Jumapili, 22 Desemba
Binti ameiona, tiki za bluu zimetokea. Hajajibu. Bibi kapiga simu mara mbili kuuliza, nami sina cha kumwambia. Naogopa. Labda ameona kibanda, tope mlangoni, nguo zilizopitwa na wakati. Labda nimewapeleka Dar mwenyewe, kwa mikono yangu.

Jumatano, 25 Desemba
Mvua asubuhi. Nimetoka misa ya kwanza, nimefungua studio bila sababu.

Saa tano binti kapiga. Kumbe tajiri wake alikuwa na wageni, simu haikushikika. Alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kulia. Kaniambia watoto anawaona wamenawiri. Kisha akasema, "Dada, vile vidole ni vya mama. Vimekonda. Anawapa wao, yeye hali. Watoto wabaki kwake. Ila rudi ukampige picha na yeye, nimwone."

Nimempigia bibi nikamweleza neno kwa neno. Halafu nikamsikia, akiwa mbali na simu, anawaita watoto waje wanawe mikono, chakula kiko tayari.