Mguu! Wiki Mbili za Kugombea Birika

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tumeingia fainali! Na nusura niiharibu mwenyewe.

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya. Nusu fainali, uwanja wa Fairfax, nje ya Washington, jua la kuchoma utosi. Dakika za mwisho tunawaongoza Pittsburgh kwa pointi nne. Mpira unakuja chini-chini, unanigonga kwenye kiatu. Nami nafanya nini? Nasimama! Nanyoosha mkono juu. Napiga kelele: "Mguu!"

Kama vile niko Moshi. Kule magongo yetu yalikuwa hoki ya kawaida: mpira ukigusa mguu ni kosa, mtu anapiga kelele "mguu", wote wanasimama, filimbi inalia. Lakini haya ni magongo ya Waairishi. Mpira unaupiga kwa gongo, kwa kiganja, kwa teke, ukipenda. Kijana wa Pittsburgh akanipita nimesimama pale na mkono hewani, akafunga goli. Goli kwenye mchezo huu ni pointi tatu. Tumeponea kwa pointi moja!

Mchezo ulipoisha, Kieran, kocha wetu, akaniuliza nilikuwa napayuka nini pale. Wote wananitazama, helmeti mkononi, jasho linawatiririka. Niliona aibu kusema ukweli. Nikamwambia ni Kiswahili. Maana yake "twende mbele".

Wakafurahi! Wakaanza kuimba palepale, "Mguu! Mguu!", wanarukaruka na mimi katikati. Nikaruka nao. Ningefanyaje?

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini. Kutwa nzima kupandisha vitanda vya wagonjwa kwenye nyumba za watu, mimi na Peterson wa Nakuru. Ameona video ya mechi, sijui nani kamtumia. Kila tukifika kwenye ngazi ananyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la pili anayeomba kwenda chooni.

— Buda, sasa hiyo ni hockey ama ni fujo? Na mbona uli-surrender?

Nikavuta upande wangu wa kitanda kwa nguvu, akajigonga ukutani. Afadhali kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Balaa nimejiletea mwenyewe.

Sasa kila tukishambulia, timu nzima inapiga kelele "Mguu!" Na kila nikilisikia hilo neno, mwili wangu unasimama. Kabla sijafikiri! Breki zinashika, mkono unaanza kupanda. Nimelisikia tangu nina miaka kumi na miwili, likiwa na maana moja tu. Nimesimama mara tatu leo. Mara ya tatu nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kieran akaniita pembeni. Akauliza kama goti linanisumbua. Nikasema goti ni zima kabisa. Akakuna kidevu, akasema fainali huenda nikaanzia benchi.

Benchi! Nina miaka arobaini na moja. Moshi tulikuwa wazuri, tena wazuri sana, lakini tungecheza fainali ya nini? Hapakuwa na ligi, hapakuwa na kombe, mara nyingine hata wapinzani hawakutokea. Sijacheza fainali ya kitu chochote maishani mwangu. Naitaka hii. Naitaka mpaka najionea haya.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumepeleka mitungi ya oksijeni Wheaton kwa Mzee Mulvey. Huyu ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya. Mara ya kwanza nilipomletea mitungi, miaka minne iliyopita, niliona gongo limetundikwa juu ya televisheni. Nikalishusha bila kuomba ruhusa, nikasema, kumbe na nyinyi mnayo! Badala ya kukasirika akampigia simu Kieran.

Leo ametaka kuzungumzia Birika tu. Kila mwaka anaanza mwanzo, sijui kwa nini napenda kusikia tena. Wajenzi na wahudumu wa baa, Waairishi wenzake, walianzisha mashindano haya ya kanda: Washington, Baltimore, Pittsburgh, Philadelphia. Mwaka wa kwanza aliyetumwa kununua kombe alisahau, basi mke wake akatoa birika lake la chai, la bati, lenye kibonyeo ubavuni. Mpaka leo linagombewa hilohilo! Mshindi ananywea kwenye mdomo wa birika lenyewe. Sisi Rock Creek, timu ya Washington, tulilichukua mara ya mwisho mwaka 1994, Mzee Mulvey akiwa beki wa pembeni. Namba yangu.

Anasema zamani walipiga mpira ukiwa chini, hawakuwa na haya mambo ya kuunyanyua kwa madaha. Hapo nikavimba kichwa kidogo, maana mimi kuunyanyua ndiko kunakonishinda, lakini ukiwa chini niachie.

Nikamweleza habari ya "mguu". Yote. Alicheka mpaka Peterson akaenda kuangalia mashine yake ya oksijeni. Nikamuuliza, sasa nifanyeje? Akasema niwaache, wao mwaka 1994 walikuwa wanapiga kelele matusi tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemshika binti yangu Queen anisaidie. Nyuma ya apatimenti, pale kwenye majani. Yeye anarusha mpira miguuni kwangu na kupiga kelele "Mguu!", mimi nautia teke na kukimbia. Rahisi.

— Wait. Dad. You told them leg means go?

Nikamwambia apunguze sauti.

— Oh my God. Just tell them!

Nikasema nitawaambia baada ya fainali. Akanitazama kama mama yake. Mtoto ana miaka kumi na tano, hajawahi kunijibu kwa Kiswahili tangu aanze shule, na leo analitamka hilo neno kama analitafuna: "Muguu! Muguu!" Nilisimama. Nikasimama tena. Mara moja niliweza — halafu nikagundua alikuwa amepiga chafya.

Dorothea, mke wangu, akatoka kwenye kibaraza na sare zake za unesi. Akasema, Baba Queen, majirani watapiga simu polisi. Hajawahi kuja kuniona nikicheza. Anasema meno yaliyovunjika anayaona ya kutosha hospitalini, na anayaona kwa mshahara.

Jumanne, 12 Agosti

Kikosi kimetoka. Benchi.

Sina hamu hata ya kuandika.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilikwenda mazoezini nimeazimia kusema ukweli. Kabisa! Maneno nimeyapanga tangu barabarani. Nikashuka kwenye gari — Kieran ananisubiri na boksi. Amechapisha fulana. Za kijani, maandishi meupe kifuani, makubwa kama bango la duka:

MGUU!

Za wachezaji, za familia, za watoto. Wote wameshavaa. Golikipa akanikumbatia.

Nikachukua zangu tatu, nikasema asante.

Dorothea alikunjua yake mezani, akaisoma. — Baba Queen, hii ni timu au wodi ya mifupa?

Queen akachekea kwenye mto. Ikabidi nieleze. Dorothea hakucheka. Akasema siyo uongo wenyewe unaomshangaza, ni kwamba mtu mzima anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya birika la bati. Halafu akauliza mechi inaanza saa ngapi.

Ijumaa, 15 Agosti

Siwezi kutulia. Nimefua soksi zilizokuwa safi. Nimefunga na kufungua begi. Peterson kasema nipunguze kuzunguka kwenye ghala, namtia kizunguzungu.

Kesho Baltimore. Walilichukua Birika mwaka jana na mwaka juzi. Nikiingia nikasimama tena, sitarudi uwanjani. Najijua, siwezi kuvumilia aibu hiyo mara mbili. Nikikaa benchi mpaka mwisho pia nitaumia.

Jumamosi, 16 Agosti

Ndani ya gari, mimi na Dorothea na Queen, kwenye maegesho ya uwanja. Mvua inapiga juu ya bati. Naandikia gotini, maandishi yanakwenda upande.

Mchezo umesimamishwa kwa radi! Hapa radi ikinguruma kila mtu anaingia garini, nusu saa, na ikinguruma tena wanaanza kuhesabu upya. Zimebaki dakika chache. Baltimore wanaongoza kwa pointi mbili.

Niko uwanjani! Yaani nilikuwa. Beki wetu aliteguka kifundo, Kieran akanitazama, akatazama benchi lote, akanirudia mimi. Nikaingia. Nikacheza vizuri, kusema kweli. Mpaka mpira ukaja chini-chini na kunigonga kwenye kiatu.

Kilekile! Na benchi zima, na wake zao, na watoto wao, na Queen wangu: "Mguuuu!"

Nikausikia mkono unaanza kupanda. Nikautia mpira teke. Nikaufuata. Sikuunyanyua, niliuchapa hukohuko chini, kama Moshi, mara ya kwanza, mara ya pili, golikipa kasimama tu — ndani! Goli! Pointi tatu, tunaongoza kwa moja! Nikageuka nimenyoosha mikono yote miwili.

Wote wanatembea kwenda kwenye magari.

Filimbi ya radi ilikuwa imeshalia. Wote waliisikia wakasimama. Golikipa wao alisimama kwa sababu hiyo. Mimi peke yangu, wa kusimama kila mara, sikusikia kitu. Goli halihesabiwi.

Sasa hivi Kieran kaja dirishani, maji yanamchuruzika kwenye kofia. Akauliza, hukuisikia kabisa? Nikasema sikuisikia. Akacheka, akasema kweli hilo neno lina nguvu.

— It means leg, akasema Dorothea.

Hivyo tu! Kavaa fulana yake, kashika chupa ya chai, wala hakugeuza kichwa. Leg, akarudia, na akagonga paja lake ili aeleweke. Kieran akainama akasoma kifua chake mwenyewe. Kaenda kwenye gari linalofuata, kagonga kioo. Na linalofuata. Naona vichwa vinageuka kunitazama.

Dorothea anasema ningewaambia mapema. Namwambia asiniongeleshe, naandika.

Radi imekaa kimya muda sasa. Mvua inapungua. Refa katoka, kanyoosha kiganja kupima manyunyu. Milango inafunguliwa. Golikipa wetu kasimama mbele ya gari letu, ananikazia macho. Sijui atafanya nini. Ananyanyua goti lake. Analipiga kwa gongo. Anapiga kelele: "Mguu!"

Na wengine nyuma yake, wote, wanajipiga mapajani. Queen kashusha kioo, anawajibu: "Twende, Baba! Twende!" Kwa Kiswahili.

Wanalipigia kelele hilo neno, na mkono wangu bado umeshika kalamu. Haujapanda.

Refa kaokota mpira. Naenda.