Nyota Niliyoiamini Bila Kuipima

Abu Hamour,
Doha, Qatar.
3 Februari 2017

Mpendwa mdogo wangu Bella,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mchanga. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua Desemba kimetulia? Na Mama Mdogo Milcah, miguu yake inaendeleaje na baridi ya asubuhi ya Kisii? Mimi ni mzima. Baridi ya hapa nayo si haba mwezi huu. Juzi nilivaa sweta mbili, na najua utanicheka, maana nyumbani wote mnadhani Doha ni jua tu.

Simu yako imezimwa tangu Krismasi, ndiyo maana naandika. Cheryl, yule nesi wa Nakuru ninayeishi naye, anakuja likizo na ameahidi kukuletea barua hii mpaka mlangoni. Mpe chai, na usimwache aondoke bila ndizi.

Nimesikia mambo ya mtihani. Nimesikia pia kwamba umekataa kurudia kidato cha nne, ingawa mwalimu mkuu amekubali kukuwekea nafasi hadi mwisho wa mwezi huu. Mama Mdogo anasema kila akitaja shule unamjibu, "Mimi si Phoebe." Neno hilo limenichoma, kwa sababu najua lilikotoka. Tangu nipate kazi ya utafiti chuoni huku, hapakaliki mezani kwenu bila jina langu kutajwa: Phoebe alipata hivi, Phoebe hakuwahi kuanguka. Ningekuwa wewe, ningezima simu zamani.

Sasa acha nikueleze kilichonipata, maana nyumbani hakuna anayejua.

Unajua kazi yangu ni galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali sana. Hii ninayoichunguza ina shimo jeusi katikati linalomeza gesi, na gesi hiyo ikizunguka kabla ya kumezwa huwaka kwa mwanga mkali. Mwanga wenyewe hautulii, unapanda, unashuka. Mimi hufuatilia unavyopanda na kushuka. Wala sikai na darubini kwenye vumbi hili. Darubini iko mlimani, nchi nyingine, picha zinaletwa kwenye kompyuta yangu.

Picha ikija hafifu, huwezi kujua kama galaksi imefifia au ni wingu tu limepita. Kwa hiyo tunachagua nyota iliyo karibu nayo pichani, nyota isiyobadilika, tunaipima galaksi kwa hiyo. Wingu likipita, zote mbili zitafifia pamoja. Ikififia galaksi peke yake, hiyo ndiyo habari.

Mimi nilichagua nyota moja nzuri, inang'aa, imekaa pembeni kama mgeni wa heshima. Nikaiamini bila kuipima. Mwaka mzima nikaiona galaksi yangu ikirukaruka ajabu, profesa wangu akafurahi, tukaandika makala. Siku chache kabla ya kuituma, nikaipima ile nyota kwa nyota nyingine, kujiridhisha tu. Bella, nyota yenyewe ndiyo iliyokuwa ikibadilika! Kila ilipofifia, mimi niliandika kwamba galaksi imewaka.

Nililia. Niliogopa kumwambia profesa, nikajiona narudishwa nyumbani mikono mitupu. Cheryl akanikuta jikoni macho yamevimba. "Aki Phoebe, unalilia nyota? Zimejaa huko juu, si uchague ingine! Yalla, vaa viatu, twende tukule." Tukaenda kula wali wa nyama kwa Waarabu, nikala huku nafuta kamasi.

Kesho yake nilimwambia profesa. Hakufurahi, akaniambia nianze upya. Nimeanza upya, safari hii kwa nyota tatu tulivu nilizozipima kwanza. Na unajua nini? Galaksi inabadilika kweli. Si kwa kishindo kile nilichoandika. Inafifia polepole, kwa miezi, kisha inaanza kupanda tena. Ni habari ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kweli, na jana profesa alisema makala itaandikwa. Nina furaha, Bella, na safari hii sina hofu nayo.

Nadhani umeshaona ninapoelekea. Nyumbani wamenifanya mimi ile nyota. Wamekupima kwangu bila kunipima mimi, na kumbe nami napanda na kushuka, nalia jikoni. Alama ulizopata ni zako, na zinaweza kupanda. Jipime kwa Bella wa mwaka jana tu. Ukirudi shule nitashangilia. Ukiamua kushona nguo, kazi unayoipenda, nitashangilia vilevile, mradi uamue mwenyewe, usije ukaikimbia shule kwa sababu yangu.

Nifikishie salamu kwa Baba Mdogo Fabian, kwa Nyaboke na mwanawe Tony, na kwa Babu, mwambie miwani yake inakuja na Cheryl. Mungu awashike mkono wote, nawe akufungulie mlango ulio wako.

Nina ombi moja. Jumapili wote wakiwa mezani, wasomee barua hii kwa sauti, yote, hata pale pa jikoni. Naona haya, lakini soma. Kisha washa simu, uniambie nani alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kukupima kwa mtu,

Phoebe