Sifuri za Jumatatu

Bagara, Babati,
Manyara.
17 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Gerson, Baba Hope,

Pokea salamu za nyumbani, ambako baridi imeanza kuingia na mahindi ya Singe yamebeba vizuri. Habari za Mtwara na joto lake? Mama Hope anaendeleaje na mgongo? Na Hope mwenyewe, bado anakataa samaki? Sisi huku tunaendelea. Goti langu linauma kidogo, ila mdomo, kama unavyonifahamu, hauna tatizo lolote.

Ujumbe wako wa Pasaka niliusoma mara nyingi. Unasema umechoka kufuatilia taarifa za magonjwa. Kila Jumatatu unazisumbua zahanati kwa simu, nazo zinakujibu sifuri: kipindupindu sifuri, surua sifuri, mtoto aliyepooza ghafla sifuri. Unataka kuomba uhamisho urudi wodini, ambako mgonjwa unamwona na anakushukuru. Uliniuliza, bila kukuficha, kama kazi hiyo ina faida yoyote. Mwingine angekupa pole. Mimi nimekwenda kutazama.

Mwezi uliopita walikuja wataalamu kutathmini mfumo huohuo hapa mjini kwetu, wakaniingiza kwenye timu kama mwakilishi wa wananchi. Nadhani walichoshwa na makala zangu za gazetini, wakaona afadhali nigombane nao nikiwa ndani. Niliingia na hoja yangu mkononi: zahanati ikikosa glavu, kwa nini tugharamie watu kutuma sifuri?

Mratibu wao anaitwa Marcelino, mpole wa sura, mkali wa ulimi. Asubuhi ya Jumatatu alinivutia kiti mbele ya kompyuta yake. "Mama, makala zako huwa nazisoma," akasema. "Leo na wewe soma ya kwangu."

Gerson, sijui nikuelezeje. Taarifa zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine. Singe, sifuri. Sigino, sifuri. Mutuka, sifuri. Mwanzoni nilicheka. Halafu nikaanza kufikiri kila sifuri imetoka wapi. Kuna mtu kule amekaa wiki nzima mlangoni, amewatazama watoto wote waliopita, amegusa vipaji vya nyuso, ameuliza choo kikoje, halafu anasimama na kusema kwa jina lake: hapa kwangu, wiki hii, hakuna. Na wakati uleule wanasema hivyo watu wa Kigoma, wa Pemba, na wewe huko Mtwara. Nchi nzima inaitikia, kama darasa linapoitwa majina. Mimi nimesoma vitabu vingi na kugombana na karibu vyote, lakini ukurasa ule ulininyamazisha. Wewe unajua ni mara ngapi nimenyamazishwa.

Kisha Marcelino akaweka kidole mahali palipokuwa patupu. Zahanati moja ya upande wa Bonga ilikuwa haijatuma kitu. Hapakuwa na sifuri, hapakuwa na namba. Akapiga simu papo hapo, nami nikasikia kila neno.

"Domitila, taarifa iko wapi?"

"Kaka, niache kwanza. Nina watu wanahara hapa, wengine nimewalaza chini."

"Wanahara tangu lini?"

"Tangu jana. Wote wametoka sherehe moja."

"Halafu umenyamaza?"

"Nina mikono mingapi, Marcelino? Niko peke yangu! Nishike dripu au nishike simu?"

Marcelino akainuka kitini. Alikuwa ameshachukua funguo za gari.

Nilipanda naye. Njiani nikawauliza watu wa Bonga ni sherehe ya nani, na ndipo moyo ukanishuka. Ilikuwa kipaimara cha binti wa Modesti, binamu yetu. Mimi sikwenda, kwa sababu Modesti na mimi tulikuwa hatusemeshani tangu uchaguzi wa serikali za mitaa. Hakuna aliyenipigia kunieleza. Walidhani ni chakula cha sherehe tu, kitapita. Tulipofika zahanati, mgonjwa wa kwanza niliyemwona sakafuni ni Shangazi Rosalia. Macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Alinitambua kwa sauti.

Walimwekea dripu ya pili, na wasaidizi wakaitwa kutoka mjini. Marcelino yeye akaenda moja kwa moja kwa Modesti, na mimi nyuma yake. Jioni ile jumuiya ya kanisa ilikuwa ikutane palepale, na togwa nyingine ilishakorogwa kwa maji ya kisima kilekile kilichotumika kwenye sherehe. Marcelino akafunga kisima na kuamuru togwa imwagwe.

"Togwa ya jumuiya nzima mnamwaga?" Modesti akapiga kelele.

"Namwaga. Uninunie leo, nisije kesho kukupa pole ya msiba."

Majibu ya maabara yalirudi: kipindupindu. Wote waliougua wamepona. Wa jumuiya hata mmoja hakuugua, na hadi leo wananung'unika kuhusu togwa.

Kwenye kikao cha mwisho kiongozi wa timu alitaka kuandika kwamba mfumo "una manufaa ya kuridhisha", kwa sababu taarifa nyingi hufika kwa wakati. Nikasimama. Nikasema manufaa hayapimwi kwa taarifa kufika. Yapimwe kwa kuuliza nani aliinuka kwenye kiti akafanya jambo ambalo bila taarifa hizo asingelifanya. Marcelino aliinuka. Asingeinuka, hata sifuri zote zingefika saa mbili kamili, zingekuwa mapambo. Na nikasema jingine, wakanuna: Domitila ametuma taarifa miaka yote na hajawahi kurudishiwa hata neno moja kumwambia zimefanya nini. Yuko peke yake, kisha tunashangaa akinyamaza? Wameliandika. Nilisubiri nikaliona likiandikwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kazi yako ina faida kubwa kuliko nilivyoweza kuamini, na una haki ya kuikasirikia. Usihame, mdogo wangu. Gombana. Dai watu wako wajibiwe, dai waongezewe mikono, na Jumatatu endelea kuitazama nafasi iliyo tupu. Taarifa zingekuwa zinatumwa tu pale penye wagonjwa, sisi tungeujuaje ukimya wa Bonga?

Nisalimie Mama Hope, Hope, na mzee Herieli jirani yenu. Huku wanakusalimu Edda, Paskasi, na hata Modesti, ambaye sasa tunasemeshana, ingawa kwa ukali. Mungu akulinde wewe na wote unaowalinda bila wao kujua.

Shangazi Rosalia yuko kwangu. Jana amekula ugali na kulalamika kwamba mboga haina chumvi. Huko Mtwara nako, leo hii, kuna shangazi wa mtu analalamikia chumvi, wala hajawahi kusikia jina lako.

Dada yako akupendaye na asiyechoka kubishana nawe,
Wilhelmina