Mama Mkwe Aliponikataza Mayai

Jumanne, mtaani Umoja. Baridi ya Julai na manyunyu tangu asubuhi. Nimechoka, lakini ya leo sitaki niyasahau.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Vihiga juma lililopita kunisaidia. Mimba imekuwa kubwa, na mume wangu Evans ana shifti ndefu kiwandani. Mama anapika vizuri. Ananitengenezea mboga za managu na dagaa wa omena, ananifulia nguo, hataki niinue hata ndoo.

Ila mayai ameyakataza.

Kliniki walishaniambia damu yangu iko chini na nikaambiwa nile mayai, kwa kuwa nyama hatuimudu kila mara. Jumamosi nilichemsha moja. Mama akalichukua kwenye sahani yangu, akalitupa.

"Mwenye mimba hali mayai," alisema. "Kama hunisikii, mimi nirudi nyumbani."

Nilikasirika. Nilidhani ni yale mambo ya zamani ya kuwanyima wanawake vitu vitamu ili wawekewe wanaume. Sikumwambia hivyo, lakini tangu siku hiyo nilikuwa namjibu kwa mkato.

Leo nilikuwa na kliniki, na Mama akasisitiza kunisindikiza. Muuguzi alinipima, akasema damu haijapanda. Akauliza ninakula nini. Nikamweleza ukweli wote, Mama akiwa ameketi hapo hapo.

Nilitaka amkaripie. Naam, nilitaka.

Badala yake muuguzi alimsifu Mama kwa managu na omena. Akasema tu tusinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya kuongeza damu. Kisha akamuuliza kwa upole, "Na mayai yalikukosea nini, Mama?"

Mama alishika pindo la leso yake.

"Niliyakula nikiwa na mimba ya kwanza," alisema. "Nilikuwa na njaa. Mtoto akazaliwa amekufa. Msichana. Mama mkwe wangu akaambia kila mtu nimemuua kwa uroho."

Sikuwahi kujua.

Muuguzi alivuta kiti karibu naye. "Siwezi kujua kilichomuua, Mama. Lakini si yai. Jambo hili limechunguzwa. Yai lililoiva vizuri linamjenga mama na mtoto."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama akamuuliza tena, kana kwamba hakusikia mara ya kwanza. Akajibiwa vile vile. Ndipo akajifunika uso kwa leso na kulia.

Tukashika njia ya nyumbani. Nilisimama dukani nikanunua mayai, naye akaningoja nje, amegeuka upande wa barabara. Tulipofika nyumbani akasema, "Pika wewe. Mikono yangu bado inakataa."

Nilipika, nikala. Alikaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Kisha akaanza kunisimulia, bila mimi kumuuliza. Mtoto alikuwa na nywele nyingi. Alizikwa haraka, Mama hakuruhusiwa kumbeba. Watu walizungumzia mayai tu. Kuhusu mtoto mwenyewe, hakuna aliyewahi kumuuliza lolote.

Nimeona aibu kwa hasira zangu za siku hizi. Mimi niliona ukaidi. Yeye alikuwa anamlinda mtoto wangu kwa njia pekee aliyoijua.

Evans anakaribia kufika. Sidhani anajua kwamba alikuwa na dada. Nimemuuliza Mama kama nimwambie.

"Acha," amesema, akiniondolea sahani. "Nitamwambia mwenyewe."