Mstari ulionyooka, mstari uliopinda

Jumapili, hapa mtaani kwetu Ngagara. Mvua imepiga tangu alfajiri, halafu jua kali likatoka kana kwamba hakukuwa na kitu. Kichwa changu nacho kimeshinda hivyohivyo.

Mdogo wangu Zaituni yuko India, wiki ya tatu sasa. Amempeleka mumewe kutibiwa figo. Asubuhi nilingoja habari za mgonjwa, nikapata picha ya kipepeo: mdogo, wa kahawia, ametua kwenye pazia la hospitali. Chini yake sauti ya Zaituni: "Dada, we ni mwalimu wa biolojia. Hii kipepeo inaitwa je?"

Nafundisha biolojia, ni kweli. Vipepeo wa India siwajui.

Lakini sikutaka kumwambia hivyo. Nikaketi na simu, nikatafuta mtandaoni. Mwili mnene kama wa nondo, vipapasio vimepinda nchani kama ndoana. Kumbe ni wa jamii ya wale wanaopaa kwa kurukaruka, kama panzi. Humo nikakuta wawili wanaofanana kama mapacha. Mmoja ana madoa manne meupe kwenye bawa la nyuma, yamenyooka mstari. Wa pili madoa yake ni madogo, yamejipinda. Nikiitazama picha, mstari umenyooka. Nikiikuza, umepinda.

Saa nane nikamtumia jina la kwanza. Baada ya robo saa nikalifuta, nikatuma la pili. Kisha nikamwomba picha nyingine.

Akapiga simu.

"Imesharuka, dada. Na mi sikutaka sana jina. Muganga moja anasema wamupasue. Mwingine anasema apana, tungoje dawa. Nilitaka mutu moja tu leo aniambie kitu bila kusitasita."

Nami nilikuwa nimempa majina mawili.

Akaniuliza, "Ingekuwa we, ungefanya nini?"

Nikamwambia sijui. Nilidhani ataudhika, lakini alisema tu, "Sawa," na hakukata simu. Nyuma yake nilimsikia mumewe akikohoa.

Kesho asubuhi lazima atie saini, upasuaji au kungoja.

Najiuliza bado: lile "sijui" langu lilimpunguzia mzigo, au ndipo nilipomwacha peke yake?