Masika Yupi, Baba?

Baba,

Wiki hii nimekukasirikia mpaka chakula hakipiti. Wafu hawasemwi vibaya, najua, lakini wewe nitakusema.

Siku hizi kazi yangu hapa Kasese ni kuchapa kwenye kompyuta barua za mbunge mmoja wa Marekani aliyekufa zamani sana. Chuo cha huko kwao kimetunza karatasi zake zote. Mkulima anaomba daraja, mjane anaomba pensheni ya mumewe, na kila barua ina jina kamili, kijiji na nakala ya jibu. Mjane yule alishakuwa udongo, lakini mimi najua hata ng'ombe wake aliitwaje.

Wewe nawe ulikuwa mheshimiwa, kansela wetu, yaani diwani. Unakumbuka mlipogawa mashamba ya mpunga ya Mubuku? Nilikuandikia daftari, nikiwa na sare ya shule. Kila mtu akija unasema, "Andika Baluku. Andika Masika." Nikakuuliza, "Masika yupi, Baba?" Ukacheka mbele ya watu. "Huyu ninamujua. Ya nini kumaliza wino?" Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Kwetu kila msichana wa kwanza ni Masika. Ulijua hilo kabla hujanizaa na kuniita hivyo hivyo.

Sasa Masika uliyemgawia siku ile, mjane wa hapa kwetu aliyekuletea uji ulipougua, kamati ya mashamba imemwambia alete karatasi ya shamba. Nikawapelekea daftari lako, nikiringa. Mwenyekiti akasoma "Masika", akanigeuzia ukurasa nijionee. Hapo hapo akasimama Masika mwingine, mfanyabiashara wa Bwera, akasema ndiye yeye. Ana mashahidi wawili. Shahidi wa mjane ni wewe, na wewe uko kaburini. Shamba amepewa yule wa Bwera.

Mjane hata hakulaumu. "Muzee yako alikuwa mutu muzuri," ananiambia, na mpunga wake unavunwa na wengine. Uzuri gani huo? Ulitaka kichwa chako kiwe ofisi, watu wajae uani asubuhi mpaka jioni wakikuita mheshimiwa. Ulipenda kuombwa, Baba. Ndiyo maana hukuandika.

Jana amekuja nimwandikie rufaa. Nimeandika majina yake yote, la mumewe, la kijiji, na mfereji unaopita kando ya shamba.

Imenichukua dakika moja.

Ni mimi niliyeshika kalamu siku ile,
Binti yako wa kwanza