Kata ya Peke Yake

Mjukuu wangu Manka, marahaba. Hapa Kirua hatujambo, mama yako anachuma kahawa, mimi ni goti tu.

Umeuliza kama kweli tulimtengea marehemu kaka yangu kata yake ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, daktari aliposema ana homa ya ini, hiyo B mnayosoma chuoni. Ni kweli. Tuliogopa mate yake. Alicheka akasema, "Leo mimi ni Mangi, chifu mzima, nina kata yangu peke yangu!" Tukacheka naye, lakini ile mbege hakuinywa. Na wembe wa kunyolea ulikuwa mmoja, nyumba nzima, hakuna aliyeuogopa.

Sasa unaniandikia kwamba haiambukizwi kwa kunywa pamoja, inapita kwenye damu. Nimesoma hapo mara tatu, mama, nikamlilia upya.

Sisi hatukujua. Wewe unajua, umeshaanza kushika sindano wodini, halafu unaniambia chanjo ya homa hiyo, ile ya tatu, hujapata nafasi? Nafasi gani hiyo, Manka? Nenda kesho. Usinitumie ujumbe, piga simu, nikusikie mwenyewe ukisema, "Bibi, nimechomwa."

Bibi yako